Harufu ya Kwato za Kabundi

Mwadi, mama yangu,

Nakuita mama kwa sababu umebeba jina la mama yangu, lakini ujue kwamba leo nimekukasirikia. Nimekaa hapa barazani na karatasi hizi tangu ulipotoka kwenda kuaga kwaya. Mama yako yuko ndani anafunga samaki wakavu wa Mulongo kwenye magazeti, na kila mara anatoa kichwa dirishani kuniuliza kama nimemaliza. Sijamaliza. Nimechana karatasi mbili tayari.

Mambo ya kuchemsha maji, ya chandarua, ya kutolala usingizi mzito ndani ya treni, ya kanisa gani utasali kule Lubumbashi, mama yako ameyasema tangu Jumapili na kesho stesheni atayasema tena. Mimi siyagusi. Ninataka kuzungumza juu ya neno moja ulilolisema juzi mezani, mkono wako ukiwa kwenye bukari, ugali wetu wa hapa.

Nilikuuliza nani anaangalia kwato za farasi kule kwenye klabu unakokwenda kufanya kazi. Ukanijibu bila hata kuinua macho: "Papa, kule beko na dokta yabo. Miye nitakuwa nasafisha tu."

Nikasukuma sahani, nikatoka nje. Nilimsikia mama yako akikuambia uniache, kwamba ni uchungu wa mtoto kuondoka. Haukuwa uchungu wa kuondoka. Ilikuwa ni hilo "nasafisha tu". Kuna mtu mwingine aliwahi kuniambia mimi neno hilohilo, nikalikubali, na kwa kulikubali nikamharibia mtu maisha. Mtu huyo unamjua. Unampenda kuliko unavyonipenda mimi, na sikulaumu.

Tangu ulipokuwa mdogo umeambiwa kwamba baba yako mdogo Ilunga aliumia mguu alipoanguka kutoka kwenye vagoni, behewa la treni. Si kweli. Ilunga hajaanguka kwenye vagoni hata siku moja. Mguu wake ulivunjwa na farasi, na farasi yule alikuwa mikononi mwangu.

Nitakuandikia kwa Kiswahili cha shule, kile walimu wa misheni walichotuingizia kwa fimbo, ila nikifika kwenye maneno ya watu nitayaacha kama walivyoyatamka. Nimechoka kuyapamba.

Ulizaliwa baada ya mambo haya. Babu yako alikuwa mtu wa reli, baba yake vilevile, na alitaka mimi na Ilunga tuwe watu wa reli. Lakini miaka ile reli haikuwa ikichukua watu wapya, nami nikaenda kutafuta kazi kwenye ferme moja, shamba kubwa la ng'ombe, huko kwenye uwanda, mbali na Kamina. Babu yako alisema farasi ni mchezo wa wazungu na hataki kusikia habari zao nyumbani kwake. Nilikwenda hata hivyo. Mwaka uliofuata nikamwita Ilunga. Ni mimi niliyemwita. Hilo nalo liandike kwenye hesabu yangu.

Ferme ilikuwa na farasi wanane. Masika nyasi za kule zinampita mtu kichwa na pikipiki zinazama kwenye matope, kwa hiyo wachungaji walifuata ng'ombe kwa farasi. Ilunga alikuwa mchungaji. Tandiko lilimkaa kama kiti cha nyumbani kwao. Mimi nilikuwa mtu wa banda: kulisha, kunywesha, kupiga brashi, kuchokoa kwato. Kabundi alikuwa farasi mwekundu, mjanja, aliyejua kufungua komeo la mlango kwa midomo, ndiyo maana tukampa jina la yule mnyama mwerevu wa hadithi zetu za Kiluba.

Masika ile mvua haikupumzika. Sakafu ya banda ilikuwa udongo mtupu, na ule udongo uligeuka uji wa matope, mkojo na mavi. Farasi walisimama humo usiku kucha na asubuhi wakatoka humo kwenda kwenye matope mengine. Unajua kazi yenyewe, nilikufundisha likizo ulizokuja kunisaidia: unainua mguu, unachukua kile chuma kilichopinda, unachokoa uchafu kutoka kisigino kuelekea mbele, kisha unaangalia ile pembetatu iliyo katikati, iliyo kama mpira mgumu, ambayo madokta wanaiita fursheti. Kwa farasi mzima haina harufu ya kusimulia.

Asubuhi moja niliinua mguu wa mbele wa kushoto wa Kabundi na harufu ikanipiga. Haikuwa ya mavi. Mavi ya farasi mtu anayazoea hata akala mkate karibu yake. Hii ilikuwa ya kitu kinachooza mahali pasipoingia hewa. Pembeni mwa fursheti, kwenye ile mifereji miwili, kulikuwa na uchafu mweusi unaonata kama grisi. Nilipobonyeza kwa kidole Kabundi alivuta mguu.

Nilijua, Mwadi. Usije ukafikiri nilikuwa mjinga. Sikujua jina la ugonjwa kwa Kifaransa, lakini nilijua kwamba kwato inaoza, kwamba inataka kusafishwa, kukauka, kutiwa dawa, na kwamba farasi yule apumzishwe mahali pakavu. Nikaenda kwa jeran, msimamizi wa ferme. Alikuwa mbele ya ofisi na wachungaji, Ilunga hakuwepo.

"Shefu, Kabundi iko na ugonjwa ku kwato. Inafaa apumuzike."

"Anachechemea?"

"Bado."

"Basi haiko mugonjwa. Bakubwa banakuya kuangalia ng'ombe, nataka farasi yote inje. Na zikuwe safi." Nilipobaki nimesimama akaongeza, na wachungaji wote wanasikia: "Tukitaka dokta tutaita dokta. Weye kazi yako ni kusafisha tu."

Wachungaji wakacheka. Si kicheko kikubwa, kile cha puani. Nami nikarudi bandani na kicheko kile shingoni, nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka katikati ya kazi ninasimama. Nilichukua mafuta machafu yaliyomwagwa kutoka kwenye jenereta, nikachukua brashi, nikapaka kwato za farasi wote wanane. Zikang'aa nyeusi kama viatu vya mchungaji wa kanisa. Wale wakubwa walipofika walisifu banda. Jeran akanipiga bega.

Mafuta yale yalifunika uchafu na unyevu ndani. Huo ni ujinga, na ujinga unasameheka. Lakini kuna kitu nilichofanya ambacho si ujinga. Kuanzia siku ile niliacha kuinua mguu wa mbele wa kushoto wa Kabundi. Niliinua mitatu, ule wa nne nikaupitia brashi kwa juu. Nisipouinua sioni, na nisipoona sina la kumwambia mtu. Siku tisa, mama. Nilizihesabu baadaye.

Siku ya kumi Ilunga alikuja na tandiko begani. Alisimama karibu na Kabundi, akamshika shingo, akaniuliza, akiniita yaya, yaani kaka, kama kawaida yake:

"Yaya, Kabundi iko muzuri?"

Nikamjibu: "Iko muzuri. Enda."

Nimeyaandika maneno hayo na nimeweka kalamu chini. Nilikwenda kunywa maji. Mama yako ameniuliza tena kama nimemaliza, nikamjibu vibaya, nitamwomba msamaha baadaye.

Nilikuwa nimeshika lango la zizi, kwa hiyo niliona yote. Fahali mmoja alitoka kundini, Ilunga akamgeuza Kabundi kumkata njia, wakashika mbio. Kwenye kona Kabundi alikanyaga kwa mguu ule wa kushoto, na mguu ukakataa. Sijui kueleza zaidi ya hapo. Kichwa kilishuka, magoti yakafuata, kisha mwili wote ukapinduka, na Ilunga alikuwa chini yake. Kabundi alijiinua, akasimama kwa miguu mitatu, anatetemeka. Ilunga hakujiinua.

Jeran alifika kabla yangu. Sitaki umchukie bure: alivua shati lake akafunga mguu wa Ilunga kwa vijiti. Lori la ferme lilikuwa limekwama kwenye matope. Tulimbeba Ilunga kwa tipoye, kiti cha miti mabegani mwa watu wanne, mpaka kwenye reli, tukangoja chini ya turubai mpaka kesho yake adhuhuri ilipopita drezine, kile kigari cha reli cha mafundi wa njia. Mafundi walimjua kwa sura ya baba yake. Wakamlaza juu ya mbao za drezine, wakatuleta Kamina.

Babu yako alikuwa stesheni. Alimwona mwanawe anashushwa, mguu umevimba kama gogo, akaniuliza mimi, si yeye:

"Kumefanyika nini?"

"Alianguka."

"Wapi?"

Na mimi, niliyekuwa nimekatazwa kazi ile, niliyempeleka mdogo wangu kwenye kazi ile, nikatazama chini, nikaona reli, nikasema: "Ku vagoni." Ilunga alikuwa na akili zake timamu. Alinitazama. Akafumba macho.

Mfupa uliunga vibaya kwa sababu ulikuwa umekaa muda mrefu bila kutibiwa. Hivyo ndivyo unavyomwona anavyotembea. Babu yako alikufa akiamini ni vagoni. Mimi na Ilunga hatukupatana kudanganya, hatukuketi tukasema tufiche. Uongo ulibaki tu ndani ya nyumba kama kiti ambacho hakuna anayekumbuka nani alikileta.

Nilirudi ferme. Nilikuta Kabundi hawezi kukanyaga kabisa, kwato ina joto ukiigusa. Sasa dokta aliitwa! Sasa njia ilipatikana! Alikuja mama mmoja mfupi, dokta wa wanyama, akaingia bandani na buti zake, akainua mguu mwenyewe, akanusa, akauliza:

"Nani anachunga hii farasi?"

"Ni miye, dokta."

"Ulisikia harufu tangu lini?"

Nikamtajia siku. Nilingoja matusi. Hakunitukana, na ingekuwa heri angenitukana. Alitoa kisu chake, akakata vipande vilivyooza kidogo kidogo, akatafuta mahali farasi alipokuwa akiruka akiguswa, akafungua tundu dogo. Ulitoka usaha mweusi, harufu ikajaa banda zima, jeran akatoka nje. Dokta alimchoma Kabundi sindano ya pepopunda, akanionyesha namna ya kuloweka kwato kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kuikausha, kutia iodini, kufunga kitambaa, na juu yake kipande cha mfuko wa turubai ili uchafu usiingie. Akaamuru Kabundi ahamishiwe ghala kavu. Alipokuwa anaosha mikono aliniambia:

"Hii ugonjwa haina haraka. Inakupatia siku mingi ya kuiona."

Miezi miwili nilimwosha farasi yule mguu kila siku. Niliuosha kama ninavyopaswa kumwosha ndugu yangu aliyelala Kamina. Na Kabundi akapona. Fursheti ikaota upya, safi, imara, akarudi kufukuza ng'ombe na kufungua makomeo. Nilimchukia, Mwadi. Kila alipopita anakimbia nilimchukia, mnyama asiye na kosa lolote. Farasi alipona. Ilunga hakupona.

Umeniona nikiwa mkali bandani ukadhani ni tabia ya uzee. Sasa unajua. Zile changarawe ulizonikuta nazo kwenye sakafu nilizibeba mwenyewe kwa toroli baada ya mambo hayo, maana maji yakipata pa kupita kwato inapata pa kukaukia. Ndiyo maana sikukubali majani machafu yalale hata siku moja, wala kwato zipitishe wiki saba bila kupunguzwa.

Lakini sikuandikii ili uone nilivyokuwa mtu mzuri baadaye. Miaka kadhaa mbele, chini ya jeran mwingine, farasi jike mmoja aliiba pumba za mahindi ghalani usiku. Siku iliyofuata alisimama amejiegemeza nyuma, miguu ya mbele ameinyosha kama mtu anayeogopa sakafu, kwato za moto. Jeran aliamuru atembezwe ili tumbo lishuke. Nilikataa. Nilisema asitembezwe, maana ugonjwa ulikuwa umeshuka kwatoni, awekwe kwenye mchanga laini, dokta aitwe siku ileile. Nilisema kwa sauti, mbele ya watu. Unajua nilipata nini? Nilirudishwa nyumbani mwezi mzima kwa kukosa heshima. Ulikuwa mdogo, ulifurahi kwamba papa yuko nyumbani. Dokta aliitwa hatimaye, akasema maneno yaleyale niliyoyasema, na hakuna aliyekuja Kamina kuniambia, "Banza, ulikuwa na haki." Kwa hiyo sikudanganyi kwamba ukisema watakushukuru. Pengine watakuchukia. Inaniudhi mpaka leo. Ila mwezi ule nililala usingizi.

Nilidhani barua ingeishia hapo. Lakini leo asubuhi nilikwenda kwa Ilunga, kwenye kibanda chake cha kutengeneza baiskeli, kumwomba ruhusa, kwa sababu ukweli huu ni wa mguu wake kabla ya kuwa wa mdomo wangu. Alikuwa ananyoosha gurudumu, mteja amekaa pembeni.

"Ilunga, nataka kumuambia Mwadi ukweli ya mguu yako."

"Ukweli gani?"

"Kwamba Kabundi alikuwa mugonjwa, na miye nilijua."

Aliendelea kuzungusha gurudumu, anatazama mahali linapoyumba. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayetaja bei ya tairi:

"Yaya, na miye nilijua. Ile asubui harufu ilinifika ku pua. Nilikuuliza sababu nilitaka weye useme hapana. Kama weye ungesema hapana, miye singeonekana muoga mbele ya benzangu."

Miaka yote hiyo, Mwadi! Kila Krismasi nikimwona anavuta mguu kuja mezani kwetu, nikimkatia nyama kubwa kuliko ya watoto, nisiweze kumtazama usoni!

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Na weye, juu ya nini hukuniuliza?"

Nikapiga teke gurudumu lililokuwa ukutani. Likaangusha mengine matatu. Mteja akasimama. Sikuokota, nikaondoka bila kuaga, mtu mzima wa kanisa, napita barabarani najisemea peke yangu.

Ungedhani ningerudi nikiwa mwepesi. Sikurudi mwepesi. Kosa langu halikupungua hata kidogo kwa kujua kwamba naye alinusa. Ninachokiona sasa ni ndugu wawili ndani ya banda moja, harufu moja iko puani mwa wote wawili, kila mmoja anangoja mdomo wa mwenzake. Na mmoja wao aliuliza. Aliniuliza! Alinifungulia mlango, na mimi nikajibu kwamba iko muzuri.

Kule unakokwenda, saa kumi na mbili asubuhi, dokta atakuwa bado amelala. Mwenye farasi atakuja mchana na buti safi, atapanda, atashuka, ataondoka. Wewe ndiwe utakayeinua miguu minne kila siku. Hakuna mtu mwingine duniani atakayekuwa karibu na kwato ile kama wewe, kwa hiyo usiniambie kwamba unasafisha tu. Watakuambia wao, watu hawakosekani wa kusema hivyo. Usiwasaidie.

Na mtu akikuuliza kama farasi yuko mzima, mtazame usoni kwanza. Pengine anajua. Pengine anakuomba umkataze.

Jua limeshuka, nasikia sauti za wanakwaya wenzako wanakusindikiza barabarani, naona na wewe unacheka. Ninakunja. Nitaiweka chini ya nguo zako, uisome ukiwa umeshapita stesheni ya Bukama, nisiwepo.

Ilunga amemtuma mtu kusema kesho atakuja stesheni. Kwa mguu ule, kutoka kwake mpaka pale ni safari, na hataki kupakiwa kwenye baiskeli ya mtu. Ametuma pia neno kwangu: kwamba nimemvunjia spoki mbili. Sijui kama anatania. Asubuhi nitapita kwake mapema, kabla ya treni, nimwulize, na tutembee pamoja polepole mpaka tufike.

Papa yako,
Banza